Lobelia ya Lukafu haikutoka Lukafu

Alhamisi, mwezi wa sita. Baridi kavu. Vumbi jekundu limelala juu ya majani, na mimi nimeamka nikijichukia kuliko jana.

Asubuhi nilikohoa ndani ya beseni, nikaangalia kilichotoka. Kilinichukiza kidogo. Kisha nikatazama dirishani, nikaiona lobelia yangu, nayo ikanichukiza zaidi.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnaifahamu kwa picha. Inapita urefu wa mlango. Shina ni tupu ndani, majani marefu yamejikusanya juu kama kichwa cha nanasi, na katikati limepanda suke la maua ya samawati iliyofifia. Suke hutoka mara moja tu; baada ya hapo shina lote huoza, na uvundo wake ni wa kabichi iliyosahauliwa guniani. Hii ya sasa imeota kwa mbegu za ile ya kwanza. Chini yake kuna kibao cha shaba nilichokigonga mwenyewe kwa msumari: Lobelia ya Lukafu. Watu huja kupiga picha karibu na kibao hicho.

Haikutoka Lukafu.

Ilitoka Kivu, ndani ya mzigo wa Kambale, mfanyabiashara wa maharage, Mnande wa Butembo, huko huko Kivu, aliyekuwa jirani yangu. Alikwenda kwao kumzika mama yake, akarudi na suke kavu lililofungwa kwenye gazeti, kwa sababu alijua kwamba mimi, mwalimu wa botania, napenda majani yasiyolika. Mbegu zake ni laini kama ugoro. Hazifukiwi. Unazinyunyiza juu ya udongo wa majani yaliyooza, unaweka kopo ndani ya beseni la maji ili udongo unywe kutoka chini. Mwezi wa sita unafunika miche kwa gunia isichomwe na baridi ya alfajiri; mwezi wa kumi unaifunika tena isichomwe na jua. Lubumbashi si mlimani, lakini hali yake ya hewa ni ya upole, na mwenye subira atafanikiwa. Hayo yote niliyafanya vizuri. Nayataja kwa sababu ndicho kitu pekee kilicho safi katika habari hii.

Ile ya kwanza ilipochanua, walikuja wageni wasomi kutazama bustani za mji. Walitembea haraka, kama watu waliokwisha kuona kila kitu. Mmoja akauliza mmea huu umetoka wapi. Nilijua kwamba nikisema Kivu, ambako mmea huu ni wa kawaida, wataendelea kutembea. Nikasema: kwenye bonde lenye maji, juu ya Lukafu, milimani huku kwetu.

Wakasimama. Wakatoa madaftari.

Kambale alikuwa ameketi hapo barazani, anakunywa chai yangu. Akaendelea kunywa. Tangu siku hiyo, kila akinikuta langoni: "Professeur, ule mutoto wangu wa Lukafu iko muzima? Hajaanza kusema Kinande?" Nami nilicheka naye. Alipofariki, siku ya kumzika nilisimama mbele ya watu nikamsifu kwamba alikuwa msema kweli. Kuhusu mmea sikusema kitu.

Lakini kinachonitia kichefuchefu hasa si uongo huo. Ule ulikuwa uongo wa mtu mwenye majivuno, na wenye majivuno ni wengi.

Kuna Kapinga.

Kapinga alikuwa mwanafunzi wangu chuoni, binti wa wazazi waliotoka Kasai. Mwaka wa mwisho aliamua kuandika kazi yake juu ya lobelia yangu, nami nikamsimamia. Alikaa bustanini wiki tatu na kioo cha kukuzia. Alipasua maua, akapima, akachora hata nywele zilizo kwenye vifuko vya chavua. Kisha akaniletea ukurasa wa penseli. Aliandika kwamba mmea huu haufanani na lobelia yoyote ya huku kwetu. Ni ule wa milima ya Kivu, kila kitu sawasawa. Huenda kuna kosa kuhusu ulikotoka. Aliniambia kwa adabu, kama kwa baba yake, macho yakiwa chini: "Labda miye njo nimekosa, Papa."

Nikamwambia: umekosea wewe. Futa.

Alifuta mbele yangu. Uchafu wa kifutio niliupuliza mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, ukaondoka mezani.

Alipata alama nzuri kwa kazi ya uongo, kisha akaachana na botania. Leo anauza miche na maua ya arusi upande wa Karavia. Miaka yote nimejiambia kwamba aliacha kwa sababu ya kulea watoto.

Juzi alikuja na furaha yake. Yeye na watu wa kanisa lake wamepata gari. Jumamosi walitaka kuchukua miche yangu yote, arobaini na mmoja, iliyo kwenye makopo ya nyanya, wakaipande bondeni juu ya Lukafu. "Papa, tunarudisha batoto kwabo," akasema. "Usikufe kwanza, nikuletee photo." Akacheka, akanifunika blanketi miguuni.

Bonde lile lina lobelia zake, ndogo, za tangu zamani. Zikichavushana na hizi zangu, baada ya miaka hakuna atakayejua ipi ni ipi. Mimi nilidanganya kwa mdomo. Sasa mlima ungedanganya badala yangu, nikiwa nimekwisha kufa, na uongo huo hakuna wa kuufuta.

Leo saa nne nilimpigia simu. Nilisema yote, hata habari ya Kambale na chai. Nilijiandaa kwa kilio, au kwa ile heshima yetu mbaya inayomwambia mzee kwamba yamepita.

Yeye akasema polepole: "Ile gomme ilikuwa yako, Papa. Ya kwangu ilikuwa imeisha. Weye njo ulinipatia."

Nilikuwa nimesahau. Sasa nakiona kile kifutio, chekundu upande mmoja, bluu upande wa pili.

"Ku Lukafu haziende," akasema. "Samedi nitakuya na ile travail. Utaandika weye mwenyewe, na mukono yako, pale pale nilifuta." Akakata bila kuniaga. Jumamosi, basi, na ile kazi yake ya chuo.

Nimekwenda kuking'oa kibao. Nilipumzika mara tatu. Nyuma yake kulikuwa na koa wawili wanene, wamelala katika ute wao, na kwa muda nilisimama nikiwatazama kama mtu anayetazama jamaa zake.

Tangu mchana nafanya mazoezi ya sentensi moja: Kapinga alikuwa sahihi. Mara tano za kwanza hata mimi sikuweza kuisoma. Ya sita inasomeka, ukiinamia karatasi.

Bado Ijumaa.