Vipande vya Tyubu Alivyokata Baba

Kisondela, 9 Machi 2024

Mwanangu Jairo,

Hujambo huko Dodoma? Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikinyesha, na huku unajua hainyamazi. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imezima. Sola ya marehemu baba yako imechoka. Taa inawaka kidogo halafu inakata, na ukingo wa sola unatoa unga mweupe kama sembe. Naisugua kwa majivu kila Jumamosi, siku ile ile aliyokuwa akiifuta. Wewe ni fundi wa sola, niambie nakosea wapi.

Mama yako

Dodoma, 21 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mama, majivu ni ya sufuria, yanakula alumini ya ukingo. Tumia maji matupu na kitambaa laini. Ila kosa kubwa ni misumari iliyoishikilia sola kwenye paa. Chuma kikigusana na alumini penye unyevu, lazima vilane. Palitakiwa kipande cha mpira katikati. Sijui baba aliwaza nini kuifunga vile. Namtuma Saad, fundi wa Ibighi, aje kuirekebisha.

Mwanao, Jairo

Kisondela, 4 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba, na ndaga, asante kwa barua. Baba yako hakuifunga. Uliifunga wewe, mwaka ule ulipomaliza kidato cha nne, ukiwa na haraka ya mechi redioni. Yeye alishika ngazi tu.

Jana nimefungua kopo lake la majani ya chai. Nimekuta vipande vinne vya tyubu ya baiskeli, vimekatwa duara, kila kimoja kina tundu la msumari. Alikuwa akivikata uani ulipomwita ashike ngazi, hukumngoja amalize. Nilimwambia akuite ufungue upya, akasema, "Mwache, taa imewaka." Jioni ile alikwenda kusimama kwenye migomba aitazame nyumba yake inavyong'aa, ugali ukapoa. Nimelia, Jairo.

Saad alikuja, kijana mwenye adabu. Nimempa mkungu wa ndizi nikamrudisha. Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa, mwaka wa tatu huu. Mapaa ya watu unayatengeneza.

Mama yako

Dodoma, 13 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, na baba anisamehe. Niliona haya kuja kuikuta nyumba bila yeye.

Nafika Jumamosi ijayo. Nakuja na boliti zisizoshika kutu na gundi ya kuziba kisanduku cha nyaya. Mpira sinunui. Ngazi utanishikia wewe.

Mwanao, Jairo