Mkono Uliopigwa Picha Upande Mmoja

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kaole tu wazima, na minazi imezaa.

Umeniuliza kwa nini mkono wa baba yako umepinda. Hasira yake ninayo hadi leo! Alianguka mnazini angali mdogo, naye mwanangu alikuwa mkwezi hodari kuliko watoto wote wa hapa. Hospitali walimpiga picha ya eksirei, ya mbele tu, kwa kuwa alilia walipotaka kuugeuza mkono.

“Mfupa mzima, mama. Ameshtua mkono tu,” akaniambia mpiga picha.

Ameshtua! Tukamkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, kumbe tunaukanda mfupa uliovunjika. Uvimbe ulipozidi nikamrudisha, nikafoka, “Kwani mkono wa mwanangu una upande mmoja?”

Safari hii tulimkuta mpiga picha mwingine. Mkono hakuugeuza, aliizungusha mashine, akapiga kutoka ubavuni. Mfupa ulikuwa umekatika na kurudi nyuma. Ukaunga, lakini haukunyooka tena.

Nawe sasa unaisomea kazi hiyo ya kupiga picha za mifupa, nami natamba mtaa mzima. Mtoto akikulilia, mwanangu, usimlazimishe, wala usimwachie picha moja. Izungushe mashine.

Bibi yako akupendaye,
Mama Shabani