Keki Itakayoletwa Kwako

Ng'ambo, Tabora
Jumatatu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimepata nafuu na kwamba baridi ya huko Tukuyu haikusumbui sana. Mjukuu wako Neema ni mzima. Uniwie radhi kwa mwandiko huu mbaya. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa plasta. Sababu yake ndiyo habari yenyewe, nami nakuomba uisome hadi mwisho kabla wageni hawajafika kwako.

Unajua kwamba binti yangu Tumaini hutengeneza keki za harusi hapa nyumbani. Jumamosi mchana alikuwa akipaka krimu keki kubwa ya mteja wa Kanyenye. Kazi hiyo haitaki haraka. Kwanza hupakwa krimu nyembamba ya kushika makombo, ikaachwa ikauke. Ndipo hupakwa ya pili na kusawazishwa kwa rula yangu ya chuma ya kufundishia shuleni, iliyochovywa katika maji ya moto na kufutwa. Alikuwa ameanza kuizungusha rula wakati mumewe, Ezekia, alipoingia akitaka chakula.

"Subiri kidogo, Baba Neema. Nikiiachia hapa itabaki na mstari."

"Kumbe mimi nakuja nyuma ya keki."

"Namalizia tu."

Akaipiga keki ngumi katikati, mkono ukazama mpaka kwenye kifundo. Kwa ngumi hiyo hiyo, ikiwa bado na krimu, akampiga mwanangu jichoni, na alipoanguka akampiga mateke ya mbavu. Nilichukua rula nikamchapa usoni kwa ukingo wake, damu ikamtoka. Alinishika mkono akaubana mlangoni, nikausikia mfupa ukivunjika. Simu yangu aliikanyaga.

Jirani yetu Mzee Shabani, fundi seremala, alikuwa amekwisha kufika uani na wanawe.

"Umemaliza keki na wanawake, Eze? Toka, huku kuna wanaume."

Alitoka. Walimpiga mpaka akaacha meno mawili mchangani. Sikuwazuia, wala sijuti.

Tumaini alikataa kwenda hospitali kwanza. "Mteja hana kosa, Mama," alisema. Akafuta damu, akakwangua krimu iliyochafuka, akalijaza lile shimo krimu mpya, akaanza upya. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Rula ilizunguka bila kusita, na keki ikawa laini kama ganda la yai. Mteja alipofika aliitazama keki, kisha akautazama uso wa binti yangu.

"Samahani, dada. Hii siwezi kuipeleka harusini."

Akaondoka. Tulipokuwa hospitali, Ezekia alirudi akaichukua.

Leo shangazi yake Ezekia amekuja hapa. Anasema Ezekia ataondoka kesho alfajiri pamoja na wazee wawili wa ukoo wao, waje kukuomba umrudishe Tumaini, kwa kuwa wewe ndiwe uliyesimama mahali pa marehemu baba yake. Watakuletea keki hiyo ndani ya boksi lenye utepe.

"Ataiona ilivyonyooka, atajua mke ameituma kwa moyo mweupe," alisema. "Mtu mwenye uchungu hapaki vile. Nawe, Mwalimu, usilikuze jambo."

Nilimwonyesha mlango.

Kaka, Tumaini hakuituma keki hiyo, wala hajamsamehe mtu. Yuko kwa Mzee Shabani pamoja na mtoto. Lakini nakujua: wazee wakipiga magoti, wewe huwainua. Ukimrudisha mwanangu, nitamzika. Ndiyo maana nimempa barua hii binti wa jirani anayesafiri leo, ikufikie kabla yao.

Usiwajibu neno kabla hujaikata keki. Ikate katikati, kisu kishuke mpaka chini. Ndani ya keki ya manjano utaona krimu nyeupe yenye umbo la ngumi. Mwambie Ezekia aweke mkono wake hapo, mbele ya wazee wake. Kisha ndipo ujibu.

Nisalimie mchungaji aliyewafungisha ndoa, naye aelezwe yote. Nisalimie na wifi yangu, ambaye najua atabandika chai mara tu awaonapo wageni mlangoni. Mwambie asimimine mpaka keki iwe imekatwa.

Mimi mdogo wako,
Tupokigwe