Aliyeitika Badala Yako

Chumba cha Kompyuta,
Ghorofa ya Tatu.
9 Juni

Mpendwa Kaka Mrefu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa na kuikaidi dawa? Sisi ni wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, analala kidogo.

Ujumbe wako wa juzi nimeupata: "Nipo hai." Miezi saba kimya, halafu maneno mawili. Sikukasirika. Siku hizi sikasiriki wala sifurahi, naenda kazini na kurudi.

Kazi yangu ni ileile. Kompyuta arobaini zimeunganishwa, zinagawana hesabu moja kubwa ya mvua na upepo. Kila baada ya sekunde chache kila moja huziarifu jirani zake kwamba ipo hai. Ikinyamaza mara tatu huhesabiwa imekufa, na jirani huibebea kazi yake. Anayesubiri majibu hata hajui kuna iliyoanguka. Na ikizinduka, hairudishwi kazini hivihivi; kwanza huelezwa yaliyopita. Basi nami nakueleza.

Baba amefariki, kaka. Hii ni wiki ya sita. Tulikutafuta kwa kila namba tuliyokuwa nayo.

Macho yake yalikuwa yamezima kabisa, na alikuwa anakuita wewe tu. Siku mbili aliita bila jibu. Ya tatu, kitindamimba wetu, ambaye hata kifuani hakufikii, aliinama akaitika, "Naam, baba. Ni mimi, Mrefu. Nimekuja."

Baba akamshika mkono. "Ahsante, mwanangu. Nilijua utakuja." Hakusema tena.

Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la maji. Niliwaza tu kwamba, kama kwenye zile kompyuta, mpango umefanya kazi, pengo halikuonekana. Mpaka leo sijalia.

Majukumu yako tumeshagawana, na maji yakimwagika hayazoleki. Ila kitindamimba haongei. Ndiye aliyemwogesha baba na kumlisha miezi yote ya ugonjwa wake, na baba ameondoka bila kumuaga, kwa sababu alikuaga wewe.

Sikuombi urudi. Mpigie simu, umwambie ahsante ile ni yake. Mimi nimejaribu kumwambia, hakubali kuipokea kutoka kwangu.

Mama anakusalimu, na shangazi pia. Fundi cherehani wa jirani bado anauliza lini utaichukua suruali yako, anasema ndefu namna ile hajapata wa kumuuzia. Kitindamimba hajatuma salamu. Hajui kama nakuandikia.

Mungu akuhifadhi, akupe na sauti ya kusema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Wa Katikati