Montage ya bwana ya Mama Virginie

Dorcelle, Lévi wa promotion yetu amemutumia Mama Virginie wa duka montage yangu, picha ya kutengeneza mu kompyuta. Ile ya kazi ya cours, kwenye niliweka bwana yake Ephraïm hapa ku campus ya Kasapa. Hakumuambia kama ni montage.

Na Ephraïm alikuwa Goma; haonekane tangu muji ilianguka mu mikono ya waasi. Lévi anajua.

Mama amefunga duka, akapanda pikipiki ya taxi-moto mpaka ku campus na shati ya bwana yake, yenye kupigwa pasi.

"Iko wapi? Mumuite."

Mbele ya banafunzi bote. Ni mimi nilimuambia: "Mama, ni ordinateur tu, ni kompyuta. Nilimukata mu photo ya ndoa yenu."

Lévi anasema: "Mais félicitations, hongera, picha inaonekana ya kweli."

Félicitations, Dorcelle. Nilimupiga Lévi kofi.

Mama hakulia. Aliniuliza tu: "Sasa sababu ya nini ulimuweka anacheka?"