Sahani Chini ya Silinda

Jumatatu, 8 Machi 1954

"Nimepima mwenyewe. Mgandamizo ni sita kwa moja. Funga injini ya pikipiki." Maneno ya Zakayo, fundi mkuu wa shamba, mbele ya Meneja. Uongo. Alipima kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi, hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka chini. Unaendelea kumimina ukidhani nafasi ni kubwa, na mgandamizo unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Mimi, fundi wa chini yake, nilisema hivyo. Akaniita Mzee wa Magazeti, kwa sababu ya barua zangu kwa wahariri. Meneja akacheka naye.

Jumamosi Meneja ataiendesha pikipiki hiyo hadi Kisumu.

Jumanne, 9 Machi

Zakayo akikosea, ni kosa la fundi. Mimi Mkikuyu nikikosea, ni Mau Mau. Injini ikipasuka chini ya mzungu, nani ataniuliza habari za mafuta ya taa?

Pasi yangu ya kuishi Kericho inaisha mwezi huu. Mwenye kuniombea ni Meneja. Jana Karanja, mshona viatu, alipandishwa lori la polisi pamoja na mkewe na godoro lao. Yeye hakuwa amegusa injini ya mtu.

Naogopa. Acha niandike hivyo hivyo.

Jumatano, 10 Machi

Nimepima. Injini wima, pistoni juu kabisa, ukingo wake nimeuziba kwa grisi. Nikamimina oili nzito kupitia tundu la plagi, kwa bomba la sindano nililoazima kwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Zakayo alipata sentimita za ujazo sabini. Mimi hamsini na nane. Nikamwaga, nikarudia. Hamsini na nane.

Silinda ni ya mia tatu na hamsini. Jumlisha hizo mbili, gawanya kwa hamsini na nane: saba kwa moja. Pistoni mpya aliyoiagiza Meneja ina kichwa kirefu, ndiyo sababu. Huku juu kwenye chai hewa ni nyepesi, injini ingevumilia. Kisumu kuna joto na hewa nzito, na petroli yetu ni hafifu. Itagonga, petroli ikilipuka kabla ya wakati wake. Pistoni itatoboka.

Alhamisi, 11 Machi

Nilimwendea Meneja na hesabu yangu. Akasema nabishana kama wakili, nifunge kama Zakayo alivyosema.

Nyumbani Wanjiru alinisikiliza hadi mwisho. "Baba Njeri, gombana na magazeti. Huyu Zakayo mwache. Lori halisomi hesabu."

Mke wangu amesema kweli. 

Ijumaa, 12 Machi

Sikumwacha. Nimekata sahani ya alumini, unene milimita tatu, nikaiweka chini ya silinda. Silinda imeinuka, nafasi juu ya pistoni imeongezeka. Nikarekebisha valvu. Nikapima kwa oili: sabini. Sasa ni sita kweli.

Nimevunja amri. Sahani ikionekana, nimekwisha. Bila sahani, nimekwisha vilevile.

Zakayo alipita nikiwa nakaza bolti za mwisho.  Akauliza, "Sita?"

Nikasema sita.

"Si nilikuambia, mzee?"

Nilimeza. Maisha yangu yote sijameza neno kubwa kama hilo.

Jumamosi, 13 Machi

Ameondoka. Mvua. Kila gari linalopanda kutoka Kisumu nalisikiliza. Wanjiru amefunga nguo za watoto kwenye shuka, tayari kwa lori.  Giza limeingia, Meneja hajarudi.

Jumapili, 14 Machi

Sikwenda kanisani. Hakuna habari. Land Rover ya polisi ilipunguza mwendo mbele ya nyumba, kisha ikaendelea.  Nikakaa chini mlangoni.

Jumatatu, 15 Machi

Amerudi. Injini nzima, plagi ina rangi ya kahawia safi, dalili kwamba haikuchemka. Amempongeza Zakayo mbele ya wafanyakazi wote. Barua ya pasi akaitia sahihi juu ya kiti cha pikipiki, bila kunitazama. Miezi mitatu.

Wanjiru amekunjua shuka.

Baada ya miezi mitatu sijui nitakuwa wapi. Basi nyinyi mafundi wa shamba mtakaoifungua injini hii nikiwa sipo: mkiikuta sahani, msiitoe. Pimeni kwanza kwa oili, kwa macho yenu wenyewe. Kisha niiteni mnavyotaka.