Kishungi na Sirinji

Jumatatu, 4 Machi

Kishungi hajatoka bandani leo. Wenzake wote wako uani, yeye kajikunyata pembeni, jicho moja limefumba, puani povu. Anakoroma kama mtu mzima. Nimemwekea punje za mahindi mbele yake — hata kuzitazama hakuzitazama.

Kuku si wangu. Ni wa mama mkwe. Saba kwa jumla, jogoo mmoja na majike sita. Ameenda kumwuguza wifi aliyejifungua, anarudi Jumamosi. Siku ya kuondoka aliwahesabu mbele yangu mara mbili.  Namjua. Mwezi nilioolewa niliunguza sufuria yake moja, hadi leo nikishika kitu chake ananitazama mikono.

Baba Kibonge kanicheka. Eti kuku akiugua anachinjwa, hapelekwi kliniki. Nikamwambia sawa, amwambie mama yake hivyo yeye mwenyewe. Akamaliza chai yake.

Jumanne, 5 Machi

Sasa ni watatu. Madoa anakoroma, na yule mweupe pia.

Nimembeba Kibonge mgongoni hadi duka la dawa za mifugo, nyuma ya soko. Muuzaji ni kijana mrefu, koti jeupe, mfuko umechanika. Anauliza maswali kama daktari kweli: wanakula? wanapiga chafya? kinyesi chao kikoje? Kinyesi — mbele ya watu wote wale! Nikamweleza hivyo hivyo.

Kanipa dawa ya unga. Naichanganya na maji ya kunywa, kila asubuhi mapya, kwa kuku wote. Wale watatu hawanywi vizuri, kwa hiyo wao nawatilia mdomoni kwa sirinji, asubuhi na jioni, siku tano. Na mayai yasiliwe mpaka wiki moja ipite baada ya dawa kuisha. Nikauliza hata mtoto? Akasema hasa mtoto.

Foleni ilikuwa ndefu. Sikuuliza kumtilia vipi. Nikajiambia mimi mama mzima, dawa mdomoni ni kitu gani.

Jioni. Ee Mungu wangu.

Nilifanya kama ninavyomfanyia Kibonge. Nikampakata Kishungi, nikamlaza kichwa nyuma kwenye kiwiko, nikambana pua — Kibonge ukimbana pua anameza — nikasukuma dawa yote kwa mkupuo. Kishungi akarusha miguu. Akakakamaa. Maji yakamtoka puani, shingo ikalegea mkononi mwangu.

Nikamwinamisha kichwa chini. Nikawa namtikisa na kumwomba samahani, kama mtu. Mpaka akapiga chafya. Akavuta pumzi.

Jirani fundi cherehani alichungulia juu ya ukuta akauliza nani kafa. Nikasema hakuna. Akaniomba basi nilie polepole, ana mteja anapimwa.

Wale wawili sikuwapa kitu. Niliogopa.

Jumatano, 6 Machi

Mzima! Kanyong'onyea lakini mzima.

Nimefika dukani muuzaji bado anafagia. Nikamwambia yote, mpaka habari ya pua. Akageukia ukutani kwanza. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Kisha akaazima jogoo wa mteja aliyekuja naye kapuni. Mteja akanung'unika kwamba amekuja kununua dawa ya minyoo, si kuendesha shule. Muuzaji akamfunua jogoo mdomo, akaniita nisogee. Nyuma ya ulimi kuna kitundu, kinafunguka na kufungika, kinafunguka na kufungika.

"Hapo ndipo anapopumulia, mama," akasema. "Wewe jana ulimmwagia maji humo. Kichwa kiache wima. Tone moja, pembeni mwa mdomo. Ngoja ameze mwenyewe, ndiyo utie lingine."

Nikauliza kama atakufa. Akasema kama ameiona asubuhi, tumaini lipo.

Nimetumia taulo la Kibonge. Unamviringisha kuku mabawa yote ndani, kinabaki kichwa tu. Tone. Ngoja. Koo linapanda, linashuka. Tone. Yule mweupe mpole. Madoa anabana mdomo kama wifi akinuna. Kibonge kakaa kwenye kindoo chake karibu yangu, kila nikifunua mdomo wa kuku na yeye anafunua wake.

Kuku watatu, saa nzima. Maharage yameshika chini. Sijali.

Alhamisi, 7 Machi

Maji ya dawa hayapungui. Tangu jana nashangaa, mbona hawa kuku hawana kiu.

Kumbe wanakunywa kwenye karai langu la kusuuzia nguo! Nimemkuta jogoo kasimama ukingoni, anakunywa na sabuni yake, anainua kichwa juu kwa raha zake. Nimefunika karai, nimepindua ndoo zote, nimekausha hata chini ya bomba. Uani kumebaki maji ya dawa peke yake. Kufika saa sita chombo kimeisha nusu.

Ijumaa, 8 Machi

Mweupe kala! Kala vizuri, kamnyang'anya mwenzake. Madoa hakoromi tena. Kishungi jicho bado, ila mdomo anaufunua mwenyewe akiona sirinji. Nimekaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu.

Mayai ndiyo yananiuma. Leo matatu. Nayafukia nyuma ya banda, mtu asije akayachukua. Kibonge kazoea yai lake la asubuhi, ananiangalia nikichimba, anasema "yai lala". Nampa ndizi. Anaitupa, kisha anaifuata.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kafika saa tano. Kabla hajatua mkoba kaenda bandani. Nikamsikia anahesabu kwa sauti. Saba.

"Wote wapo," akasema. Akanishika bega. Hajawahi kunishika bega.

Ningeweza kunyamaza hapo. Nilitaka kunyamaza, nisidanganye daftari langu mwenyewe.

Akataka amchemshie mjukuu wake yai. Nikasema hakuna mayai. Akauliza majike sita na hakuna mayai? Basi Kibonge akamshika kidole bibi yake, akamvuta mpaka nyuma ya banda, akamwonyesha udongo. "Yai lala."

Nikamweleza. Kukoroma, dawa, mayai. Nikaona nikibakiza nitaumwa nayo, nikamwambia na pua, na kichwa kulala nyuma, na shingo kulegea. Nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu.

 Akakalia kile kindoo cha Kibonge, mtu mzima, magoti juu.

Akaniambia kabla sijaja hapa alikuwa na kuku kumi na mmoja. Wakakoroma hivi hivi. Akanunua dawa, akawanywesha kwa kijiko, mmoja mmoja, vichwa nyuma. Wanne wakamfia mikononi, siku hiyo hiyo.

"Nilijua ni ugonjwa," akasema. "Miaka yote hii najua ni ugonjwa."

 Nikamchukulia mkoba nikauingiza ndani. Niliporudi alikuwa hapo hapo, anamtazama Kishungi.

Chai kanywa vikombe viwili. Hajanitazama mikono hata mara moja — au mimi ndiye nimesahau kuangalia.

Sasa ni saa kumi na moja, wakati wa dawa. Nilitaka nianze, kanitangulia. Namwona kupitia dirishani. Keshamviringisha Kishungi taulo, kampakata vizuri, sirinji kaishika mbali na mwili kama kitu cha moto. Ananiita. Anasema, "Njoo usimame hapa, mwanangu. Niambie lini nitie." Namwambia nakuja, Mama, kwanza kichwa —